Neno la Mwenye Mzigo

Septemba 1871, katika tembe la Kwihara nje kidogo ya Tabora, mkuu wa msafara na msaidizi wake walishindwa kuelewana juu ya jambo moja. Msaidizi alisema anaumwa. Mkuu akasema anajifanya. Mkuu alikuwa Henry Morton Stanley, aliyetaka kumfikia Livingstone huko Ujiji kwa kuzunguka kusini, maana vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimeifunga njia iliyozoeleka. Msaidizi alikuwa John William Shaw, baharia wa Kiingereza aliyeajiriwa Unguja. Msafara ulipoondoka tarehe 20, Shaw alipandishwa juu ya punda, akawa anaanguka, anapandishwa tena, anaanguka tena. Stanley aliandika bila kuficha kwamba aliyaona yale kuwa maigizo. Siku chache baadaye walichoshana, Shaw akarudishwa Kwihara akiwa amebebwa na watu. Stanley aliporejea Februari 1872, safari hii akiwa na Livingstone, Shaw alikuwa amekwisha kuzikwa karibu na tembe.

Shaw hakuwa malaika. Stanley anamtuhumu hata kwa kulipiga risasi hema lake usiku. Lakini tabia ya mtu ni jambo moja na homa yake ni jambo lingine, na pale Kwihara mambo hayo mawili yalitiwa katika mizani moja. Aliyepaswa kulipokea neno la mgonjwa alikuwa ndiye huyo huyo mwenye haraka ya kufika Ujiji. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kumwendea.

Kisa hiki kinanirudia kila nisikiapo habari za urani. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Urani imegunduliwa pia Bahi na Manyoni, yaani katika nchi ya Wagogo, palepale misafara ya Bagamoyo ilipopita ikielekea Unyanyembe, eneo la Tabora, na palepale Reli ya Kati inapopita leo. Serikali inasema wazi kwamba umeme wa nyuklia umo katika mipango yake ya mbele. Basi kabla kinu cha kwanza hakijajengwa, lipo swali moja linaloweza kujibiwa kwa historia ya njia hii: mfanyakazi wa chini akiona hatari na akasema, neno lake huenda wapi?

Jibu langu ni kwamba kwa karne moja na nusu neno hilo limekuwa likipungukiwa na njia. Na kila mahali lilipopotea, lilipotea kwa namna moja: anayelalamikiwa na anayepokea lalamiko walikaa nyumba moja.

Tuanze na mpagazi. Mnyamwezi aliyebeba mzigo wa kilo zipatazo 30 kutoka pwani hadi Unyanyembe, mwendo wa miezi miwili hadi mitatu, hakuwa na ofisi ya kupeleka shauri, ila alikuwa na miguu. Akiona maji yamekwisha na mkuu wa msafara anang'ang'ania kusonga, akiona mbele kuna vita, akiona mzigo umezidi kipimo, aliutua chini. Wenzake wakitua pia, msafara ulisimama hadi pafanyike mazungumzo, na kirangozi, kiongozi wao wa njia, ndiye aliyesema kwa niaba yao. Mazungumzo yakivunjika, usiku walitoroka. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa hasira juu ya wapagazi watoro, na mara nyingi hasira hiyo ni taarifa ya usalama iliyoandikwa na upande usiotaka kuisikia. Kutoroka kulikuwa na gharama: mshahara ulipotea, na Stanley aliwachapa viboko na kuwafunga minyororo waliokamatwa. Hata hivyo msafara bila wapagazi haukuwa msafara. Neno la mwenye mzigo lilikuwa zito kwa sababu mzigo haukuwa na njia nyingine ya kwenda.

Reli ilibadilisha hesabu hiyo. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kichwa cha treni hakitoroki. Mzigo wa maelfu ya wapagazi ukawa unapita kwa siku moja, na mtu wa chini akageuka kutoka mbebaji kuwa mtunzaji: mtu wa genge, mwashaji wa tanuru, fundi wa karakana, stesheni masta. Kazi ya mtu wa genge inastahili kutazamwa kwa karibu. Hutembea juu ya mataruma kwa miguu, asubuhi baada ya asubuhi, katika kipande chake cha njia. Huangalia kama kokoto zimekimbia chini ya taruma baada ya mvua, kama boliti imelegea, kama ukingo wa reli umeanza kulika. Hugonga kwa nyundo akasikiliza: chuma kizima hulia kwa sauti nyembamba inayochelewa kufa, chenye ufa hutoa mlio mzito unaokatika. Mlio huo hausikiki ofisini. Msomi wa uhandisi akikaa Dar es Salaam na michoro yote ya njia, bado anamtegemea huyu mwenye nyundo.

Mtu huyo alipata sauti yake kubwa mwaka 1960. Chama cha wafanyakazi wa reli, katibu mkuu wake akiwa Kasanga Tumbo, kiliendesha mgomo wa siku 82. Ulikuwa mgomo wa mishahara, hilo lisifichwe. Ila chama kinachoweza kusimamisha treni kwa siku 82 kinaweza pia kumwambia meneja kwamba behewa fulani lisitoke stesheni, na meneja akasikiliza. Usalama hupanda mgongoni mwa nguvu ya jumla ya mfanyakazi.

Nguvu hiyo haikudumu. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, vyama vya wafanyakazi vilivunjwa na kuwekwa kimoja tu, NUTA. Tumbo aliwekwa kizuizini. Katibu Mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Nia zilizotajwa zilikuwa njema: nchi changa, umoja, kazi za ujenzi. Lakini tazama umbo la jambo lenyewe. Mwajiri mkubwa ni serikali. Msimamizi wa sheria za kazi ni waziri. Msemaji wa wafanyakazi ni waziri yuleyule. Wahenga wangesema ni kesi ya ngedere, hakimu nyani. Mwongozo wa TANU wa 1971, katika ibara yake ya 15, uliwakemea viongozi wenye jeuri na dharau, na wafanyakazi wakauchukua kwa uzito kuliko ilivyotarajiwa, wakagoma dhidi ya mameneja viwandani. Mlango ule haukuachwa wazi kwa muda mrefu.

Methali zetu nyingi humkanya mdogo asiyesikia la mkuu kwamba ataona makuu. Za kumkanya mkuu asiyesikia la mdogo ni chache, na reli ililipa gharama ya uchache huo.

Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilisambaratika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, na Tanzania ikaunda lake. Kilichofuata kilikuja kama kutu: vipuri vichache, mwendo uliopunguzwa hapa na pale, karakana zinazokata chuma cha behewa moja ili kuponya jingine. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu elfu moja ilipata hitilafu ya breki kwenye mwinuko kati ya Msagali na Igandu, mkoani Dodoma. Ikaserereka kinyumenyume, ikaongeza kasi, ikaivaa treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Ni miongoni mwa ajali mbaya kabisa za reli katika historia ya Afrika.

Tazama jinsi dola ilivyojibu katika miaka ile na iliyofuata, maana humo ndimo mazoea yetu yanapoonekana. Jibu la kwanza lilikuwa taasisi. Sheria ya SUMATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu na majini, ilikuwa imepitishwa mwaka 2001, na mamlaka yenyewe ikaanza kazi 2004; kwa mara ya kwanza reli ikapata mdhibiti asiye mwendeshaji. Hilo lilikuwa jambo jema. Jibu la pili lilikuwa mwekezaji. Oktoba 2007 reli ilikabidhiwa kwa kampuni ya TRL, ambamo RITES ya India ilishika asilimia 51 na serikali 49, kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba ulivunjika 2011. Katikati yake wafanyakazi waligoma mara kwa mara. Walidai mishahara, na pia walihoji vichwa na mabehewa yaliyokodiwa kutoka India. Gazetini sauti yao ilisomeka kama kelele za mishahara. Sehemu ya pili ya shauri ikamezwa na ya kwanza. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yakaikata njia kati ya Kilosa na Gulwe kwa miezi. Mzigo wa reli, uliokuwa umezidi tani milioni moja kwa mwaka mwanzoni mwa muongo, ukaporomoka hadi chini ya tani laki tatu.

Jibu la tatu lilikuwa kusimamisha watu. Mwaka 2015 lilizuka sakata la mabehewa 274 ya mizigo yaliyonunuliwa India na kuonekana kuwa chini ya kiwango. Vigogo wa TRL walisimamishwa kazi mbele ya kamera. Mwaka 2017 sheria mpya ikaziunganisha TRL na kampuni hodhi ya mali za reli kuwa Shirika la Reli Tanzania, na mwaka 2019 SUMATRA ikawa LATRA kwa upande wa nchi kavu. Juni 2022 treni kutoka Kigoma ilipinduka Malolo, mjini Tabora kwenyewe. Watu wanne waliripotiwa kufa na zaidi ya mia moja kujeruhiwa.

Kila ajali ina chanzo chake, na sidai kwamba nyuma ya kila moja yupo mtu aliyeonya akapuuzwa. Dai langu ni jingine. Katika orodha hii ya majibu, taasisi mpya, mwekezaji mpya, sheria mpya, bosi mpya, hakuna hata moja lililogusa njia ya neno kutoka chini kwenda juu. Tumebadilisha masikio mara tano bila kukagua kama mdomo bado umeunganishwa nayo.

Chukulia mtu wa genge katika kipande cha Malongwe na Goweko, mashariki ya Tabora. Amegonga reli, ameusikia mlio mzito. Anamwambia nyapara. Nyapara anaandika kwenye daftari, kwa kuwa ndivyo ilivyopangwa, au haandiki, kwa kuwa mwezi uliopita aliandika ufa mwingine na hakuna chuma kilicholetwa. Daftari linasubiri mkaguzi. Mkaguzi anaweka taarifa katika ripoti ya mwezi, na kwa kuwa ripoti yenye nyufa nyingi humfanya yeye aonekane mzembe, maneno yanalainika: "ufa" unakuwa "dalili za uchakavu". Mhandisi wa wilaya anajumlisha ripoti za wakaguzi wake. Makao makuu yanajumlisha za wilaya. Mdhibiti anapokea jumla ya majumlisho, ndani yake mna asilimia ya njia iliyo katika hali nzuri. Hakuna aliyesema uongo. Mlio tu ndio umebaki Malongwe.

Tatizo hili si la nchi maskini peke yake. Mwaka 1989 mkaguzi wa kampuni ya General Electric, Kei Sugaoka, Mmarekani mwenye asili ya Japani, alikagua kifaa cha kukaushia mvuke katika kinu namba moja cha Fukushima Daiichi. Alikuta nyufa, na akakuta kifaa chenyewe kimefungwa kinyume. Kumbukumbu za ukaguzi hazikusema hivyo. Alinyamaza miaka mingi, kisha mwaka 2000, akiwa ameshaachishwa kazi, akaiandikia wizara ya Japani iliyosimamia viwanda na nishati. Wizara hiyo ndiyo iliyokuwa na dhamana ya kuustawisha umeme wa nyuklia, na chini yake ndimo kilimokaa chombo cha kuudhibiti. Wakubwa wale walilipeleka jina la mtoa taarifa kwa TEPCO, kampuni yenye kinu hicho, iliyolalamikiwa. Kisha ikapita miaka miwili. Agosti 2002 ndipo umma ulipoelezwa kwamba kulikuwa na visa 29 vya kughushi kumbukumbu za ukaguzi. Rais wa TEPCO alijiuzulu, na kufikia Aprili 2003 vinu vyote 17 vya kampuni hiyo vilikuwa vimezimwa ili vikaguliwe.

Nyufa zile sizo zilizosababisha maafa ya Machi 2011. Yale yaliletwa na tetemeko na tsunami. Lakini tume ya Bunge la Japani mwaka 2012 ilisema maafa yale yalikuwa ya kutengenezwa na binadamu, na ikanyooshea kidole ukaribu wa mdhibiti na mdhibitiwa. Mwaka huohuo chombo cha zamani kilifutwa na mamlaka mpya, iliyo nje ya wizara ile, ikaundwa.

Sugaoka na Shaw wanafanana katika jambo moja lenye uzito kwa mdhibiti yeyote. Wote wawili waliweza kudharauliwa kwa urahisi. Mmoja alikuwa mtumishi asiyependwa na bwana wake, mwingine alikuwa mtu aliyeachishwa kazi, ambaye ungeweza kusema ana kinyongo. Walalamikaji wengi ndivyo walivyo. Mfanyakazi aliyeridhika na mwenye matumaini ya cheo hana haraka ya kuandika barua. Mdhibiti anayesubiri lalamiko kutoka kwa mtu safi, mpole na asiye na shida yoyote na mwajiri atasubiri hadi kinu kilipuke. Swali lake la kwanza liwe juu ya ufa, la mtu lifuate baadaye, na mara nyingi halihitajiki.

Marekani ilijifunza sehemu ya somo hili mapema na sehemu kwa aibu. Hadi 1974 tume moja iliustawisha umeme wa nyuklia na kuudhibiti. Bunge likaigawa, na mdhibiti, NRC, akaanza kazi Januari 1975. Sheria ya kuwalinda wafanyakazi wanaosema ikafuata mwaka 1978, na wakaguzi wakaanza kuwekwa wakae palepale mitamboni badala ya kuja kwa safari. Pamoja na hayo, mwaka 1992 mhandisi George Galatis aligundua kwamba mtambo wa Millstone, Connecticut, ulikuwa ukihamisha fueli yote ya kinu kwa wakati mmoja kwenda kwenye bwawa la kuhifadhia, kinyume na masharti ya leseni. Alipolifikisha kwa mdhibiti alikuta mdhibiti anaijua desturi hiyo na ameizoea. Jambo liliwaka lilipotokea kwenye jalada la jarida la Time, Machi 1996. Mwezi huohuo ulipokwisha, vinu vyote vya Millstone vilikuwa vimezimwa. Kimoja hakikuwashwa tena, na mwaka 1997 kampuni ikatozwa faini ya dola milioni 2.1. Kutenganisha nyumba, basi, ni mwanzo tu. Mdhibiti aliye nyumba yake mwenyewe bado anaweza kulala.

Sasa turudi kwetu. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania inafanya kazi chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Ina wataalamu, ina maabara, na kazi yake ya kila siku ni ya maana. Mhudumu wa eksirei katika hospitali ya mkoa huvaa kifuani kipande kidogo cha kupima mionzi. Baada ya kipindi fulani kipande hicho hupelekwa kusomwa, na kiasi cha mionzi alichopokea mwili wake huandikwa kwa jina lake. Huo ni usikivu wa hali ya juu: mwili wa mfanyakazi unasema na mdhibiti anasoma. Ila kipande kile husema kilichokwisha kutokea. Hakiwezi kusema kwamba mlango wa chumba haufungi sawasawa, au kwamba fundi aliambiwa aharakishe. Kwa hayo unahitajika mdomo.

Na Tume hii, kwa sheria na kwa maelezo yake yenyewe, inadhibiti na pia inahamasisha matumizi ya teknolojia ya nyuklia. Wakati kazi ilikuwa mashine za eksirei na vyakula vya kupimwa bandarini, mchanganyiko huo haukuuma. Penye mgodi wa urani, na baadaye kinu, utauma. Atakayetakiwa kusherehekea mradi ndiye atakayetakiwa kuusimamisha kwa neno la kibarua. Kenya ililiona hili mapema: sheria ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya udhibiti, KNRA, mbali na wakala wa kuutafuta umeme wa nyuklia. Tanzania haijachelewa, kinu hakijajengwa.

Sheria za kumlinda msemaji tunazo. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, ilipata sheria yake mwaka 2003, na mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi, inayogusa pia hatari kwa afya na usalama wa umma. Upungufu uko kwenye desturi za ofisi, na desturi hizo zinaweza kupimwa kwa maswali manne ambayo kibarua wa Manyoni angeyauliza kabla ya kufungua kinywa. Jina langu litabaki kwenu, au kesho asubuhi litakuwa mezani kwa meneja? Atakayeisoma taarifa yangu anaujua ufa, au anajua kupiga muhuri tu? Mtajibu kwa siku ngapi? Na mkiona nimekosea, mtaniambia nimekosea, au mtaniacha nikae na hofu? Mdhibiti asiyeweza kuyajibu maswali haya kwa maandishi, kabla ya leseni ya kwanza ya kinu, atayajibu baadaye mbele ya tume ya uchunguzi.

Machi 1872, kabla ya kuondoka Kwihara, Stanley aliwatuma watu wake wakusanye mawe na kuyapanga juu ya kaburi la Shaw, rundo pana na imara ambalo Livingstone alisema litadumu mamia ya miaka. Waliobeba mawe walikuwa watu waleule wenye kubeba mizigo. Kwa kazi ya mawe walipewa uangalifu wote: walielezwa la kufanya, wakapewa muda wa kulifanya, na kazi yao ikakaguliwa. Hatukuwahi kukosa uwezo wa namna hiyo. Tumezoea kuutumia baada ya mazishi.